Berlin kwa Mwendo wa Babu

Msikilizaji, saa tatu usiku na jua linawaka. Sijakosea, nimesema saa tatu usiku. Ni mwezi wa sita, tuko Berlin, Ujerumani, nami nimepanda juu ya kiti cha jikoni, kanga mkononi, vibanio vya nguo mdomoni, nataka kuziba dirisha. Nyuma yangu watoto wawili wamekaa kitandani, macho makavu. Mkubwa, binti wa miaka mitatu na nusu, ananiuliza swali ambalo hata wakili asingelipangua: "Baba, si ulisema tunalala jua likilala?"

Ni kweli nilisema. Na Dar es Salaam neno hilo halina ubishi: jua letu, liwahi au lichelewe, saa moja ya jioni halifiki. Berlin mwishoni mwa mwezi wa sita linazama saa tatu na nusu, na kabla ya saa kumi na moja alfajiri limesharudi. Mtoto hana saa ya mkononi, saa yake ni jua. Nikaibana kanga kwenye fimbo ya pazia, uso wake ukatazama nje. Chumba kikaingia kijigiza cha rangi ya chungwa, na maneno ya kanga yakawa yanang'aa kinyumenyume juu ya vichwa vyetu. Watoto walilala saa nne na robo. Mimi nililala kabla yao.

Leo nataka tuizungumze safari hiyo, kwa sababu kila nikikutana na jamaa swali ni lile lile, wengine wanauliza kwa upole, wengine kwa kejeli: hela yote hiyo, kuwapeleka Ulaya watoto ambao mwakani hawatakumbuka kitu? Basi nianze kwa kusema kwamba hatukwenda kutalii. Dada yangu anaishi kule miaka kumi na moja sasa, na alikuwa hajamtia machoni huyu mdogo. Mdogo mwenyewe tunamwita Babu, maana amechukua jina la marehemu baba yangu. Wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Kwa hiyo ukinisikia nasema Babu kajilaza chini katikati ya stesheni akipiga mateke, usimfikirie mzee wa watu.

Ya viza sitayasema mengi, wanaoyajua wanayajua. Mtoto wa chini ya miaka sita halipi ada ya viza ya Schengen, lakini karatasi anazo kama mtu mzima: pasipoti yake, fomu yake, cheti cha kuzaliwa, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, na akisafiri na mzazi mmoja, kibali cha yule anayebaki. Kigumu kuliko vyote ni picha. Jaribu kumwambia mtoto wa mwaka na nusu atazame mbele, afunge mdomo, asicheke, asilie. Picha ya Babu imetoka kama ya mtu aliyekamatwa na mzigo wa magendo. Halafu kuna hesabu ya ndege: asiyefikisha miaka miwili anapakatwa, na nauli yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Akishafikisha miwili analipiwa kiti. Ndiyo maana tulikwenda wakati ule. Babu alikuwa amebakiza miezi minne.

Dada anakaa Wedding, kaskazini ya mji, si mbali na kituo cha treni kinachoitwa Afrikanische Straße. Mtaa huo una majina yatakayokushangaza. Unasukuma kigari cha mtoto, unainua macho kwenye kibao cha njia, unasoma Usambarastraße. Nyingine Tangastraße. Nyingine Sansibarstraße. Majina hayo yalianza kubandikwa mwaka 1899, wakati Wajerumani wakijivunia makoloni. Na kuna njia moja iliyoitwa Petersallee tangu mwaka 1939, kwa heshima ya Carl Peters, yule yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Watu walipoanza kulalamika, mwaka 1986 ikaamuliwa kwamba jina libaki, ila lihesabiwe kuwa la Peters mwingine! Ujanja huo ulidumu mpaka mwaka 2024, njia ikagawanywa vipande viwili, na kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Siku niliyopita pale Babu alikuwa anataka kushuka kigarini aokote jani. Tukasimama chini ya kibao hicho dakika kumi, kwa ajili ya jani. Peke yangu ningepiga picha nikaenda zangu.

Nyumba ya dada ni ya zamani, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Ngazi 66, nilizihesabu siku ya kwanza na nikaendelea kuzihesabu kila siku, labda zitapungua. Jirani alituazima kigari cha watoto wawili, kizuri, cha magurudumu manne, kizito kama mkokoteni. Siku ya pili nikakiacha chini uani, nikamwomba mama watoto kanga, nikamfunga Babu mgongoni.

Hapa niseme ukweli wangu. Dar es Salaam sijawahi kumbeba mtoto kwa mbeleko nikatoka nje ya geti. Nyumbani ndani, sawa, usiku akilia. Lakini barabarani, mwanamume mzima, kanga kifuani? Kijiwe kizima kingepata mada ya wiki. Berlin hakuna aliyegeuza shingo. Kule mababa wanasukuma vigari saa nne asubuhi siku ya kazi, wanaume wawili watatu wamekaa ukingoni mwa mchanga wanazungumzia maziwa ya unga kwa uzito ule ule ambao sisi tunauweka kwenye Simba na Yanga. Niliona aibu kidogo kwa ile aibu yangu ya nyumbani. Kidogo tu, maana mgongo ulikuwa unauma.

Hata hivyo kuna siku ambazo kigari hakikwepeki, na hapo ndipo unapoujua mji. Vituo vya treni vingi vina lifti, si vyote, na lifti ina tabia ya kuharibika siku uliyobeba maziwa na tikitimaji. Tumefika kituo kimoja, kibao kinasema mbovu. Ngazi ziko mbele yetu, ndefu. Mama watoto amemshika binti, mimi nimeshika kigari chenye Babu aliyelala, nawaza. Ghafla upande wa mbele wa kigari ukainuka wenyewe. Nikatazama: jamaa mmoja mwenye michoro shingoni mpaka masikioni, pete puani, ameshika chuma cha chini, anarudi kinyumenyume ngazi kwa ngazi. Hakuniuliza, hakunisalimu. Tulipofika chini akaweka kigari taratibu, akamtazama Babu, akaondoka. Nilibaki na "danke" yangu mdomoni. Dada akaniambia, ndivyo walivyo hapa. Maneno wanayabania, mkono wanautoa.

Nilifikiria sana jambo hilo. Kwetu, ukipanda daladala na mtoto, huna haja ya kuomba. Mama aliyekaa anamvuta mtoto wako kwa mkono, anampakata, anaanza kumfuta makamasi kwa ncha ya mtandio wake, na wakati wa kushuka anakurudishia kupitia dirishani. Mtoto ni wa basi zima. Berlin hakuna mgeni atakayemgusa mtoto wako, wala kumpa pipi bila kukuuliza, na ukimpapasa wa mwenzako kichwani utatazamwa vibaya. Lakini basi lenyewe linainama. Linafika kituoni, linashusha upande wa mlango kama ngamia anayepiga goti, mlango wa kati unafunguka, na ndani kuna nafasi imeachwa wazi kwa ajili ya vigari. Nauli ya mtoto wa chini ya miaka sita ni bure, treni na basi. Yaani kwetu mtoto anapokelewa na mikono, kule anapokelewa na vitu. Sijui ningechagua kipi kama ningelazimishwa. Saa nyingine, hasa nikiwa na ngazi 66 mbele yangu, nilichagua vitu. Usiku, Babu akilia meno na sisi wanne tumefungiwa ndani ya chumba kimoja bila jirani, bila dada wa kazi, niliitamani mikono.

Sasa ngoja nikueleze habari ya viwanja vya watoto, maana hapo ndipo zilipokwenda siku zetu.

Berlin ina zaidi ya viwanja 1,800 vya umma vya kuchezea watoto. Sheria yao ya mwaka 1979 ilipanga kila mkazi, hata mzee wa miaka tisini, ahesabiwe mita moja ya mraba ya mahali pa watoto kucheza. Lengo hilo halijafikiwa kila mtaa, lakini unaliona: unatembea njia mbili tatu, unakuta uzio mdogo, geti lenye komeo ambalo mtoto halifikii, na ndani kuna mchanga. Mchanga mwingi, wa kuzama mguu. Bembea za wakubwa, bembea za wadogo zenye kikapu, ngome ya mbao, mtelezo wa bati. Mbao zao hawazipaki rangi nyingi, wanaziacha na vifundo vyake, na nyingine zimepinda kwa makusudi ili mtoto afikiri aweke mguu wapi. Uwanja mmoja tuliozoea kwenda ulikuwa na pampu ya maji ya mkono, kama zile za visima vya kijijini, lakini ndogo, kimo cha mtoto. Ukipampu, maji yanapita kwenye mfereji wa mbao, yanaingia mchangani, na hapo kuna watoto kumi na wawili wamevaa suruali za mpira mpaka kifuani, wanachimba mabwawa kwa koleo za plastiki, na hakuna mzazi anayepiga kelele "utachafuka!"

Babu aliitazama pampu ile kwa muda. Halafu akaishika. Hakuwa na uzito wa kuishusha. Akaning'inia. Mtoto mmoja wa Kijerumani, wa umri wa binti yangu, akaja akaning'inia upande wake, pampu ikashuka, maji yakatoka kijiko kimoja. Walitazamana. Wakarudia. Walifanya hivyo saa nzima na robo, kwa hesabu ya saa yangu, bila neno hata moja la lugha yoyote. Siku hiyo tulikuwa tumepanga kwenda kuona mnara wa televisheni wa Alexanderplatz, wenye urefu wa mita 368. Haupo kwenye picha zetu. Pampu ipo kwenye picha arobaini.

Jambo moja lilinishangaza pale. Dada aliniambia kwamba Ujerumani ilibidi itungwe sheria, mwaka 2011, kusema kwamba kelele za watoto zinazotoka chekechea na viwanja vya kuchezea kwa kawaida zisihesabiwe kuwa uharibifu wa mazingira. Kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa wanashtaki. Mtu amenunua nyumba yake, ametulia, chekechea inafunguliwa jirani, anakwenda mahakamani! Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikakumbuka kwamba kwetu hakuna sheria kama hiyo kwa kuwa haikuhitajika, lakini pia mtaani kwangu hakuna kiwanja. Kilikuwepo. Kimejengwa fremu za maduka. Kwa hiyo wao wana kiwanja na sheria ya kelele, sisi tuna kelele.

Binti yangu naye mji ulimteka kwa njia nyingine. Kwenye taa za waenda kwa miguu za Berlin kuna kijitu chenye kofia: chekundu kimesimama, mikono kimeitandaza; cha kijani kinatembea kwa hatua ndefu. Kilibuniwa Berlin ya Mashariki mwaka 1961 na mtu anayeitwa Karl Peglau, na Ujerumani mbili zilipoungana watu walikataa kisiondolewe. Binti alikipenda kuliko kitu chochote. Kila taa tunasimama, anakisalimia. Na mimi, msikilizaji, nimekulia Dar es Salaam, barabara navuka kwa macho na dua. Siku moja njia tupu, gari hakuna mpaka upeo wa macho, taa nyekundu, nikamshika mkono nikavuka. Nyuma yangu bwana mmoja akanena maneno kwa sauti. Dada akanitafsiria kwa aibu: "Anasema wenye kukuangalia ni watoto." Sikurudia. Si kwa kumwogopa yule bwana, bali binti aligoma kutembea kwa dakika tano kwa sababu nimemkosea adabu Mtu Mwekundu.

Kuna maarifa mawili ambayo ningependa kukupa, kama una safari. La kwanza ni treni ya duara. Wanaiita Ringbahn, inazunguka mji, kilomita 37, vituo 27, mzunguko mmoja dakika 60. Watalii wengi hawana habari nayo kwa sababu haiendi popote. Ndiyo sifa yake! Mtoto akikataa kulala mchana, panda treni hiyo, kaa dirishani, mwache atazame. Kituo cha nne amelala. Wewe unakaa, unazunguka, unaona nyuma za nyumba, nguo kwenye kamba, bustani ndogondogo za mboga kando ya reli, mabomba ya moshi. Tulizunguka mara mbili siku moja. Ninaijua Berlin ya nyuma vizuri kuliko ya mbele.

La pili ni pampasi. Jumapili Ujerumani maduka yamefungwa. Usidhani yamefungwa kama kwetu, ambapo unagonga dirisha la duka la Mangi ukauziwa. Kufuli kabisa. Mimi nilijua hilo kwa kusikia, sikulitia akilini, mpaka Jumapili ya kwanza saa mbili asubuhi mama watoto akaninyoshea mfuko mtupu bila kusema kitu. Ukiwa na mke wa namna hiyo unajua ukimya wake una uzito gani. Nikaambiwa njia ni moja, stesheni kuu, kwa kuwa maduka ya stesheni kubwa yanaruhusiwa kufungua. Nikasafiri nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, nimekumbatia pakiti la pampasi ndani ya treni kama kombe la ligi. Wakati huo Babu alikuwa amefungwa kanga. Ile ile ya dirishani. Siku za kawaida, baadhi ya maduka ya sabuni na vipodozi kule yana meza ya kumbadilishia mtoto, na pampasi juu yake za bure, unachukua moja unamvalisha, hakuna anayekuuliza. Lakini Jumapili na meza nayo imefungiwa ndani.

Ya bustani ya wanyama sitasema mengi. Ni ya mwaka 1844, kongwe kuliko zote Ujerumani. Nilisita kulipa yuro nimwoneshe mtoto wa Tanzania tembo Ulaya. Halafu nikajiuliza: tembo gani amemwona huyu? Yule wa kwenye noti ya elfu kumi tu. Tukalipa.

Sehemu niliyoipenda mimi mwenyewe ni Tempelhof. Ulikuwa uwanja wa ndege, ukafungwa mwaka 2008, na mwaka 2010 wakaufungua kuwa bustani ya watu wote, zaidi ya hekta 300. Hawakuubomoa. Njia za kurukia ndege zipo, lami tupu inakwenda mpaka inapotea machoni, na mwaka 2014 wakazi walipiga kura wakakataa pasijengwe nyumba. Mtoto anayekaa mjini, aliyezoea kushikwa mkono kila hatua, ukamwachia mahali kama pale! Nilimwambia Babu, nenda. Hakuamini. Alitazama nyuma, akapiga hatua tatu, akatazama tena nyuma. Halafu akakimbia, mikono juu kama anayejisalimisha, kilomita mbili za lami mbele yake. Alikwenda kama mita ishirini. Akakuta changarawe kwenye ufa, akakaa chini, na safari yake ikaishia hapo.

Tukiwa tumekaa naye, nikamsimulia binti kisa cha uwanja ule. Kwamba zamani, mwaka 1948, mji huu ulifungiwa barabara na reli, chakula kikawa kinaletwa na ndege, moja baada ya nyingine, mchana na usiku. Watoto walikuwa wanasimama nje ya uzio kuzitazama. Na rubani mmoja wa Kimarekani, Gail Halvorsen, akaanza kuwadondoshea pipi kutoka angani, amezifunga kwenye leso zikawa miavuli midogo. Binti alisikiliza bila kupepesa. Nikadhani kisa kimekwisha, nikageuka kumtoa Babu changarawe mdomoni. Nilipomtazama tena binti alikuwa amekaa katikati ya lami, sketi ameitandaza mapajani, uso juu, anangoja.

Ilibidi nimnunulie aiskrimu.

Na sasa yule dinosaria wa Lindi, ambaye kwetu tunamwita mjusi. Mimi ni mtu wa Lindi, asili yangu huko, kwa hiyo kulikuwa na mahali pamoja ambapo nilisema hata Babu alie vipi, tutafika. Makumbusho ya elimu ya viumbe, barabara ya Invalidenstraße. Tulikwenda Jumanne, kwa kuwa Jumatatu hawafungui. Unaingia tu, ukumbi wa kwanza, chini ya paa la kioo, unamkuta. Nimemsikia tangu utoto, mjusi wa Tendaguru, mjusi wa Tendaguru, mpaka nikadhani nimeshamzoea. Sikuwa nimemzoea. Ana kimo cha mita 13 na sentimeta 27, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mahali popote duniani iliyo mirefu kuliko hiyo. Kama angesimama uani kwa dada, angetuchungulia dirishani ghorofa ya tatu bila kunyosha shingo.

Binti akapiga kelele: "Twiga!" Watu wakacheka. Wala hakukosea. Jina lake la kitaalamu siku hizi ni Giraffatitan, yaani twiga jitu. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile: "Nyama yake nani kala?"

Nikaanza kumweleza, nikaona najieleza mwenyewe. Kwamba mifupa hii, iliyotoka kwa zaidi ya mnyama mmoja, ilikaa ardhini miaka kama milioni 150. Kwamba ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji kuzimwa, nchi ya kusini ikiwa bado haijainuka. Wakubwa wa msafara walikuwa Wajerumani, Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini waliochimba walikuwa mamia ya watu wa kwetu, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Wataalamu walichelewa kumpa haki yake: ilipofika mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akaitwa kwa jina lake, Australodocus bohetii. Mifupa ilifungwa, ikabebwa kwa miguu, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200. Nilikuwa nayasema hayo huku Babu amelala mgongoni, shavu lake kwenye shingo yangu, mate yananitiririka kwenye kola, na fundo la kanga linanikaba kifuani. Nikanyamaza. Mzigo wa kilo kumi na moja ulinitosha kuelewa.

Habari ya kumrudisha mjusi nyumbani imefika bungeni kwetu zaidi ya mara moja, na mimi siwezi kujifanya sina upande. Nilitamani arudi. Na nilitamani arudi pamoja na lile paa la kioo, na njia isiyo na ngazi, na choo kile safi chenye meza ya kubadilishia mtoto.

Tulikaa ukumbini dakika hamsini. Kumbi nyingine hatukuziona, kwani Babu aliamka akagundua sakafu inateleza.

Basi, tumerudi. Mwezi wa nane tukashuka Lindi kumsalimia mama yangu. Binti akampa shikamoo, akamkalia mapajani, nami nikampa mama simu atazame picha. Akazipitisha moja moja kwa kidole: pampu, pampu, pampu, changarawe, pampu. Akafika kwa mjusi. Akasimama hapo. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akapanda nayo kutoka miguuni polepole, mbavu, bega, shingo, shingo, shingo, mpaka kichwani.

"Ndiye yule?"

"Ndiye, mama."

"Wamemweka ndani? Hanyeshewi?"

"Hanyeshewi."

Akatazama tena. "Na shingo yote hiyo, vumbi lake nani analipangusa?"

Sikuwa na jibu. Binti alikuwa nalo.

"Mtu wa Kijani, bibi. Ana hatua ndefu."